Mezani Katika Lubumbashi

Mara nyingi mmetuuliza swali hili: mtu akifika Lubumbashi kwa shughuli zake, kama mzazi anayemleta mwanawe shuleni, au ndugu aliyekuja kumtazama mgonjwa, ale wapi ili ashibe, asipoteze fedha yake yote wala afya yake? Swali hilo ni la haki. Mgeni hana chungu wala kuni, tena hajui mlango upi ni mwema.

Basi, katika majira haya ya mvua, tulitoka Jumamosi nne mfululizo kwenda kula nje ya nyumba zetu. Tulikuwa watu watatu: wawili tumezeeka katika mji huu, na wa tatu ni mwenzetu aliyelelewa Kasenga, kando ya mto Luapula. Hatutataja jina la nyumba yo yote, kwani vibao hubadilika upesi kuliko mapishi. Tutawaonyesha mitaa, tutawaambia tuliyokula na tuliyoyaona, kisha tutawapa alama za kutambua nyumba njema po pote mtakapokuwa.

Bukari ya mtaa wa Kenya

Jumamosi ya kwanza tulikwenda karibu na soko la Kenya. Wasomaji wa mbali wasidhani kwamba tulivuka mipaka: Kenya ni mtaa wa Lubumbashi, wenye soko kubwa na watu wengi. Huko zimejaa nyumba ndogo za kulia, ambazo wengi huziita malewa: mabati manne, mabenchi mawili, meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki, na mama mmoja anayesimama mbele ya sufuria zake tangu alfajiri.

Tulikula bukari na matamba, pamoja na samaki wadogo wakavu waliopikwa kwa nyanya na vitunguu. Matamba, yaani majani ya mihogo, ambayo ndugu zetu wa Kivu huyaita sombe, yalikuwa yametwangwa laini na kupikwa muda mrefu. Hilo si jambo la ladha tu. Majani ya mihogo yana sumu ndani yake, na kutwanga pamoja na kuchemsha sana ndiko kunakoiondoa. Mpishi mvivu wa matamba si mpishi tu asiyejua kazi, ni mtu wa hatari. Mama huyu alijua kazi yake. Mafuta ya mawese yalikuwa kwa kiasi, pilipili ilikaa kando kwa mwenye kuitaka, na bukari ilikuwa ngumu kama inavyopasa, isiyoshika vidole.

Lakini bonge lenyewe lilikuwa dogo. Sisi tulikuwa tumekula kwake zamani kidogo, na tulikumbuka bonge kubwa zaidi. Mmoja wetu akasema kwa sauti, mbele ya watu: «Mama, bukari yako imekonda.» Watu wengine wakacheka. Mama hakucheka. Alipangusa mikono yake, akajibu taratibu: «Papa, bei ya unga haiko mikononi mwangu. Nikiongeza bei ya sahani, wanafunzi hawa hawatakula. Nikipunguza bonge, watakula kidogo, lakini watakula. Wewe ungechagua nini?»

Tulitazama benchi la pili. Walikuwapo vijana watano wenye sare za shule, na kila mmoja alikuwa akifuta sahani yake kwa tonge la mwisho asiache hata tone la mchuzi. Hatukuwa na jibu. Tulilipa, tukaondoka na aibu yetu.

Njiani tulikumbushana mambo tuliyoyajua siku nyingi, ila hatujayapima. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, nao uliitwa Elisabethville mpaka mwaka 1966. Mwaka ule ule wa 1910 reli ilifika kutoka kusini. Ilileta mashine za migodi, ikaleta pia unga wa mahindi kwa posho ya wafanyakazi. Watu waliotoka pande nyingi, wenye kuzoea mihogo, mtama au ndizi, wakajifunza kula bukari ya mahindi. Tangu siku zile tumbo la mji huu limetegemea sana mashamba yaliyo ng'ambo ya mpaka. Kasumbalesa, mahali malori ya Zambia yanapoingia, ni chini ya kilomita 100 kutoka hapa. Katika mwaka 2024 ukame mkubwa ulikausha mashamba ya Zambia, hata serikali yake ikatangaza msiba wa taifa. Mvua ikikosekana kule, bonge linapungua huku. Mama wa Kenya alikuwa akituambia jambo hilo, sisi tukadhani anafanya uchoyo.

Samaki wa jioni, Kamalondo

Jumamosi ya pili tulingoja giza liingie, tukaenda Kamalondo, mtaa mkongwe wa mji. Jioni akina mama huwasha makala kando ya barabara, na moshi wa samaki hukuita kabla hujaona moto. Tulikula pale, samaki mpana wa Luapula, aliyechanjwa mbavuni, akapakwa chumvi na kitunguu saumu, akageuzwa pole pole juu ya makala mpaka ngozi ikakauka na nyama ikabaki na maji yake. Tulimla kwa mikono, pamoja na ndizi za kukaanga. Kama mna jioni moja tu katika Lubumbashi, itumieni hapo.

Mwenzetu wa Kasenga alikula kimya, kisha akasema: «Huyu ni mtoto. Baba yangu angemrudisha majini.» Ndipo akatueleza habari za mto wake. Kasenga ni mbali na Lubumbashi yapata kilomita 200. Zamani wafanyabiashara Wagiriki walikaa huko na mashua na barafu, wakanunua samaki wa Luapula na wa ziwa Mweru ili kulisha wafanyakazi wa migodi ya shaba. Samaki aliyesifiwa kuliko wote aliitwa mpumbu. Mvua zilipoanza, mpumbu walipanda mto kwa makundi makubwa ili kutaga mayai. Watu waliwangoja njiani na nyavu, wakawavua wakiwa na mayai tumboni, na mayai yenyewe yakaliwa kama kitu cha anasa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 makundi yale yalikuwa yamekwisha. Hakuna aliyemwua mpumbu wa mwisho kwa makusudi. Kila mtu alichukua wake tu.

Siku hizi sehemu kubwa ya kitoweo kitokacho Mweru ni visamaki vidogo viitwavyo chisense, vinavyovuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, kisha vikaanikwa juani. Ndivyo tulivyokula kwa mama wa Kenya. Ni vitamu, vina nguvu kwa watoto, na hununuliwa kwa kipimo kidogo na mtu mwenye fedha kidogo. Tusividharau. Lakini tujue kwa nini meza ya baba zetu ilikuwa na samaki mkubwa na yetu ina wadogo.

Kitambaa cheupe

Jumamosi ya tatu tulivaa viatu vyetu vizuri, tukaenda katikati ya mji, katika nyumba yenye vitambaa vyeupe, glasi ndefu na vijana wa kuhudumu wenye tai. Hatusemi kwamba nyumba za namna hii ni mbaya. Lubumbashi ni mji wa watu wengi, wamo Wagiriki, Waitalia, Wahindi na Walebanoni, na kila taifa limeleta chungu chake. Kwa harusi, au kwa mtoto aliyefaulu mtihani, si dhambi kukaa mara moja juu ya kiti chenye mto.

Orodha ya vyakula iliandika: samaki wa Luapula. Tulifurahi, tukaagiza. Zikaja sahani tatu kubwa, na katikati ya kila moja kipande cheupe kisicho na mfupa, kisicho na ngozi, wala kichwa. Mwenzetu alionja, akaweka uma chini. Akamwita kijana, akamwuliza kwa upole: «Mwanangu, kichwa chake kiko wapi?» Kijana akaenda jikoni, akakawia, akarudi bila kichwa. Akainama, akanong'ona: «Papa, unisamehe. Anatoka katika sanduku la barafu, kutoka nchi za mbali. Tumeambiwa tuseme Luapula.»

Hatukumkasirikia kijana yule. Yeye alikuwa na uso wa mtu anayeona haya. Samaki wa barafu si sumu, na familia nyingi humla kila siku. Kosa ni jina. Kuuza kitu cha mbali kwa jina la mto wetu ni kumwibia mnunuzi, na kumwibia pia mvuvi wa Kasenga anayelala ziwani usiku kucha. Tulilipa fedha ambayo kwa mama wa Kenya ingetosha watu wengi. Nyumba ile hatuwasifii.

Kikanda, uyoga na munkoyo

Jumamosi ya nne tulitoka mjini kwa gari, tukafuata barabara inayopita katikati ya msitu na vichuguu vikubwa vya mchwa. Katika majira ya mvua watoto husimama kando ya njia wakiinua uyoga kama miavuli. Tena wengine ni miavuli kweli: katika Katanga na Zambia huota juu ya vichuguu uyoga ambao kofia yake yaweza kufika karibu mita moja kwa upana, na wataalamu husema ni mkubwa kuliko uyoga wote uliwao duniani. Kwa mama mmoja mwenye kibanda cha nyasi tulikula uyoga uliopikwa kwa unga wa karanga. Ulikuwa kama nyama, ila mwororo zaidi. Tunawaonya tu: nunueni kwa watu wa msituni wenye kuujua, msiokote wenyewe, kwani uyoga mmoja mbaya huua nyumba nzima.

Hapo pia tulikata kikanda. Watoto wa mji hukipenda kwa sababu hukatwa vipande kama soseji, lakini ndani yake hamna nyama hata kidogo. Ni viazi vidogo vya maua ya orkidi, vilivyokaushwa, vikatwangwa, vikapikwa pamoja na karanga na pilipili mpaka vikashikamana. Tulikishushia munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachotiwa mizizi ya msituni, kitamu na chepesi kikiwa cha siku ile ile, kikali kikilala.

Kikanda ni kizuri, nasi tulikila kwa furaha. Lakini mama alisema kwamba wachimbaji sasa huenda mbali zaidi kuliko zamani. Jambo hilo si la kwetu peke yetu. Zambia nao hukipenda, na wafanyabiashara wamefika mpaka milima ya kusini mwa Tanzania kutafuta viazi hivyo. Mtu akichimba kiazi, ua lenyewe hufa, halitatoa mbegu tena. Tulimtazama mwenzetu wa Kasenga. Hakusema neno, naye hakuwa na haja ya kusema. Habari za mpumbu tulikuwa tumekwisha kuzisikia.

Alama za nyumba njema

Sasa mshike alama hizi nne. Ya kwanza ni maji na sabuni: nyumba isiyokupa maji ya kunawa kabla ya kula, iache, hata kama harufu yake ni tamu, kwani kipindupindu huingia kwa mkono na kwa kikombe. Ya pili ni moto: chakula kitoke jikoni kikiwa kinafuka, wala si kile kilicholala tangu asubuhi chini ya nzi. Ya tatu ni walaji: waulizeni madereva na wachuuzi wa soko wanakula wapi, kwa maana hao hawana fedha ya kutupa. Ya nne ni ukweli: mpishi akuambie bila kuona haya kitu gani kimo katika sufuria yake na kimetoka wapi.

Kwa alama hizo nne, nyumba ya kitambaa cheupe ilishindwa na kibanda cha mabati.

Jumamosi ya tano hatukuwa na mpango wa kula nje. Hata hivyo, bila kuitana, tulikutana tena mbele ya sufuria za mama wa Kenya. Yule aliyesema neno baya alitangulia, akamsalimu, akamwomba radhi mbele ya watu, kama alivyomkosea mbele ya watu. Kisha akaagiza sahani moja na kulipa mbili. Mama akarudisha fedha iliyozidi. «Mimi siombi, papa.» Mwenzetu akajibu: «Mama, si sadaka. Ni sahani ya mwanafunzi wa kwanza atakayekuja bila fedha. Wewe utamjua.»

Mama akawaza kidogo. Akatoa daftari lake la madeni, akafungua ukurasa mpya, akaandika: sahani moja, imelipwa. Kisha akatupakulia bukari. Bonge lilikuwa dogo vile vile, nasi tukashiba.