Ulianzia Machoni au Miguuni?

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Ruangwa haikuwa wilaya. Ilikuwa sehemu ya Nachingwea hadi 1995, na mgonjwa aliyezidi uwezo wa zahanati ya huko aliletwa kwetu Nachingwea kwa chochote kilichopita njia hiyo: trekta la kijiji, lori la chumvi, baiskeli iliyofungwa mto kwenye keria. Nilikuwa mganga msaidizi, cheo ambacho vijana wa leo wanakiita tabibu. Tulikuwa na darubini ya kutazamia vimelea vya malaria, dripu za kwinini, penisilini, na nyundo moja ya mpira ya kugongea magoti. Mashine ya kupiga picha ya ubongo nilikuwa nimeiona kwenye jarida tu.

Binti ninayetaka kumweleza alikuwa fundi cherehani kutoka kijiji kimoja cha upande wa Ruangwa, msichana wa miaka ishirini na kitu. Alishushwa kwenye lori akiwa ameshikwa huku na mama yake, huku na mjomba. Akisimamishwa aliyumba kama mtu aliyeshinda kwenye pombe ya uraka tangu asubuhi, na kweli watu wawili watatu pale kibarazani walisema amelewa. Kope zote mbili zilikuwa zimelala. Nikaziinua kwa vidole, nikamwomba afuate kidole changu kwa macho bila kugeuza kichwa. Kidole kikaenda kulia, macho yakabaki mbele. Kikaenda kushoto, yakabaki palepale. Alinitajia jina lake, akasinzia. Nikamwamsha, akanitajia kijiji chake, akasinzia tena.

Kila aliyekuwepo alikuwa na jibu lake, na hakuna jibu lililokuwa la kipuuzi. Mjomba alisema, "Daktari, huyu kaumwa na nyoka. Kope za hivyo nazijua." Muuguzi wa zamu alisema malaria imempanda kichwani. Mama alikuwa na hofu ya mihogo, kwa sababu mwaka ule njaa ilikuwa imebana na habari za watu waliodhurika na ugali wa muhogo upande wa Masasi zilikuwa zimetufikia. Shangazi, aliyefika kesho yake kwa miguu, alinivuta pembeni akanieleza habari za jirani mwenye kijicho.

Nikakaa na mama kwenye benchi.

"Mama, kilianza nini?"

"Tumbo, baba."

"Lini?"

"Wiki ya pili sasa. Aliharisha, akapona, akarudi kwenye cherehani yake. Juzi akaniambia, mama, naona sindano mbili. Jana miguu ikakataa. Leo ndiyo usingizi huu unaouona."

Maneno hayo yalikuwa na thamani kuliko vipimo vyote tulivyokuwa navyo. Kuhara, kisha kupona kabisa; halafu, ndani ya siku tatu, macho, kisha mwendo, kisha fahamu.

Nilianza na nyoka, kwa sababu nyoka huua haraka. Swila na koboko hulegeza kope kweli, na mjomba hakukosea kuzikumbuka. Lakini sumu hiyo hufanya kazi kwa saa, si kwa siku, na mtu huendelea kukusikia na kukuelewa mpaka pumzi inapokata. Kisha nikachukua ufunguo wa kabati la dawa, nikamkwaruza unyayo kuanzia kisigino kwenda mbele. Kwa mtu mzima mwenye afya vidole hujikunja chini. Kwa binti huyu dole gumba lilinyanyuka juu, mguu wa kulia na wa kushoto pia. Sumu ya nyoka hushika pale neva inapokutana na msuli, na ukiwa umeshikwa hapo dole gumba halina nguvu ya kukujibu hivyo. Ishara ile hutoka juu zaidi, kwenye njia zinazotelemka kutoka ubongoni. Nikagonga magoti, yakaruka kupita kawaida.

Mihogo ilinichukua muda zaidi, na naona haki kuieleza kwa urefu, maana ndiyo iliyowaumiza watu wetu wengi zaidi. Muhogo mchungu una kitu ambacho, mzizi ukivunjwa, hutoa sianidi. Ukilowekwa siku kadhaa, au ukimenywa na kuanikwa makopa kwa muda wa kutosha, sumu hupungua. Njaa ikibana, watu hutwanga na kuanika na kupika siku ileile. Ndivyo ilivyotokea Masasi, ambako Nicholas Mlingi na wenzake kutoka taasisi ya chakula na lishe walikuja kuchunguza wagonjwa. Wanaodhurika hivyo hutapika, huumwa kichwa, huona kizunguzungu saa chache tu baada ya kula, na kwa kawaida huwa ni nyumba nzima. Nikamuuliza mama nani mwingine anaumwa. Hakuna. Walikula chungu kimoja, na wadogo zake walikuwa wazima.

Ipo pia sura ya pili ya muhogo, ile inayoitwa konzo. Mkoani Nampula, ng'ambo ya Ruvuma, mwaka 1981 iliwapoozesha watu zaidi ya elfu moja, wakaiita mantakassa. Nachingwea ilikuwa na uhusiano wa karibu na Msumbiji tangu siku za kambi ya FRELIMO, na habari hizo zilitufikia kwa midomo ya watu kabla ya vitabu. Mwaka 1985 ikaonekana Tarime, wakati wa ukame, na daktari William Howlett na wenzake wakaieleza kwa undani. Mtoto hulala mzima, au hutoka shamba akiwa mzima, kisha miguu yote miwili hukakamaa ghafla. Haiendelei kuharibika na haiponi. Wengi waliihesabu kuwa polio, lakini mguu wa polio hulegea na goti halijibu nyundo, na mguu wa konzo hukaza na goti huruka. Wenye konzo kali huweza kupata shida ya macho na ya kutamka maneno, ndiyo maana nilisita. Lakini konzo huanzia miguuni, na aliyepatwa nayo hukaa akiwa macho kabisa, anakueleza kilichompata. Binti huyu alianzia machoni, na miguu yake haikukakamaa, iliyumba. Na alikuwa anasinzia.

Malaria tuliitibu. Kwenye kioo cha damu vimelea vilikuwepo vichache, na mtu mzima wa Nachingwea wa miaka ile angeweza kutembea na vimelea hivyo akalima, akacheza ngoma, asiumwe chochote. Kwa hiyo tukaweka kwinini, na tukakubaliana na muuguzi kwamba kwinini isiwe sababu ya kuacha kufikiri. Shingo ilikuwa laini. Daktari wetu alitoa maji ya uti wa mgongo, yakatoka masafi, na chini ya darubini chembe zilikuwa chache mno kwa homa ya uti wa mgongo. Kifua kikuu cha ubongo ndicho kilichotutia hofu zaidi, kwa kuwa nacho hushika neva za macho na kuleta usingizi, lakini hicho hutambaa kwa wiki nyingi, na mgonjwa huja akiwa amekonda na ana homa za jioni. Niliuliza kama nyumbani kuna mwenye kifafa, kwa sababu dawa za kifafa zikinywewa nyingi huleta kuyumba na usingizi na macho yanayocheza. Hakukuwa naye. Nikamchoma vitamini B1 bila kusubiri chochote. Mwenye upungufu wake mkali hupooza macho, huyumba na kuchanganyikiwa, na hali hiyo huwapata wanywaji wa gongo na watu waliotapika muda mrefu. Sindano ni rahisi, haidhuru, na ukichelewa kuitoa kumbukumbu ya mtu hupotea moja kwa moja. Bado naiona kuwa sindano bora kuliko zote zilizokuwa kwenye kabati lile.

Aliyetupa jina la kulifikiria alikuwa daktari mgeni aliyepita wodini siku chache baadaye. Alitueleza habari za Edwin Bickerstaff wa Birmingham, aliyeandika mwaka 1951 pamoja na Philip Cloake kuhusu wagonjwa watatu, na mwaka 1957 akaandika kuhusu wanane: macho yaliyopooza, mwendo wa kuyumba, fahamu zinazofifia, baada ya ugonjwa mdogo uliokwishapita. Mwaka 1956 Miller Fisher wa Kanada alikuwa ameeleza wengine watatu waliofanana nao, ila hao magoti yao hayakujibu nyundo na fahamu zao zilibaki safi. Kilichomshangaza Bickerstaff ni kwamba wagonjwa waliotisha hivyo wengi walipona.

Sababu yake ilikuja kueleweka baadaye. Mwaka 1992 watafiti wa Japani walionyesha kingamwili inayoshambulia mafuta fulani ya neva yaitwayo GQ1b, yaliyo mengi hasa kwenye neva zinazogeuza macho. Bakteria mmoja wa kuhara, Kampilobakta, ana ganda lenye sukari inayofanana na ya mafuta hayo. Mwili humpiga adui tumboni, humshinda, kisha silaha zilezile huelekea kwenye shina la ubongo, pale panapokaa usingizi, macho, kumeza na pumzi. Kuhara, kupona, kisha sindano mbili. Niliposoma hayo miaka mingi baadaye nilisikia sauti ya mama yule kwenye benchi.

Daktari wetu alikataa kumpa predinisoloni, dawa inayotuliza kinga ya mwili, na mjomba alikasirika, maana aliona dawa ipo na haitolewi. Mimi naamini daktari alikuwa sahihi. Kama kingekuwa kifua kikuu kilichojificha, dawa ile peke yake ingekipa nafasi. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono. Mpira wa kulishia ulipita puani kwa sababu uji ulikuwa unampalia. Aligeuzwa ubavu kwa zamu, yeye na shuka zake, usiku na mchana. Mama alifundishwa kuhesabu pumzi, akazihesabu kwa sauti kama mtu anayesali, na mara mbili alituamsha kwa wakati. Usingizi ulitoka kwanza. Macho yalirudi polepole, kulia kabla ya kushoto. Masika ilipoisha alikuwa anatembea akishika ukuta, na kabla ya korosho kuiva alikuwa anashona. Kwenye jalada tuliandika dalili zake na tarehe zake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ilizuka kusini, Mtwara na Ruvuma. Walioipata hawakupona kama alivyopona binti yule. Dawa yake ilikuwa kwa wale ambao hawajaugua: unga wa muhogo ukichanganywa na maji, ukatandazwa mwembamba kwenye mkeka juani kwa saa mbili au kivulini kwa tano, sianidi hupotelea hewani kabla ugali haujasongwa. Kina mama wanaweza kufanya hivyo bila kumngoja mtu yeyote.

Julai 2022 nilikuwa nimestaafu zamani, wakati Ruangwa ilipotajwa dunia nzima. Watu walipata homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Wagonjwa walifika 20, watatu wakafa, na mitaani watu walisema Ebola. Vipimo vikaondoa Ebola, vikaondoa Marburg, vikaondoa korona, na tarehe 18 Julai Waziri wa Afya Ummy Mwalimu akatangaza kuwa ni homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa panya na wanyama wengine na inayotibika kwa antibayotiki za kawaida. Taarifa ya kwanza ilitoka kituo cha afya cha Mbekenyera, ambako wagonjwa wawili wa kwanza walifika kwa kupishana siku mbili, na wahudumu hawakuandika malaria na kufunga daftari. Siwajui kwa majina wahudumu wale. Nawashukuru.