Kifo cha Wengi Si Harusi

Wahenga walituachia msemo ambao nimeutumia kwa miaka mingi bila kuupima: kifo cha wengi harusi. Tunautamka kwa kuliwazana, tukimaanisha kwamba msiba unaowapata wengi huwa mwepesi kidogo kubebeka. Miezi kadhaa iliyopita niliuona msemo huo ukitembea barabarani kwa magurudumu mawili, nami nikiwa miongoni mwa waliokuwa wakiutekeleza. Tangu siku ile siutamki tena bila kusita.

Naomba uniwie radhi, ndugu msomaji, kwa kuweka kando leo bajeti na hoja za bungeni, nikazungumzia namna watu wanavyoendesha pikipiki wanapokuwa kundi. Ukinivumilia hadi mwisho utaona kwamba sijatoka mbali na mazungumzo yetu ya kawaida.

Ninaishi Morogoro, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda kazini kwa pikipiki. Karibu na nyumbani kwangu kuna kijiwe cha bodaboda ambacho vijana wake wananihesabu kuwa mmoja wao. Mmoja wa vijana hao aligongwa na gari usiku akitoka kumpeleka abiria, akafariki. Kwao kulikuwa kijiji kimoja upande wa Dumila, zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini katika barabara ya kwenda Dodoma. Kama ilivyo desturi ya madereva wa bodaboda, wenzake waliamua kumsindikiza kwa pikipiki. Nami nikatoa yangu.

Tuliondoka Msamvu tukiwa zaidi ya pikipiki 40 nyuma ya gari dogo lililobeba jeneza. Waliosindikizwa hivyo wanajua jinsi msafara wa aina ile unavyotia moyo. Honi zinalia, taa zinawaka, matawi ya miti yamefungwa mbele ya pikipiki, na magari yanakaa pembeni kutupisha. Wengine walikuwa wamepakia mishikaki, watu watatu juu ya pikipiki moja. Wengine walisimama juu ya viti. Wengi hawakuwa na kofia ngumu, na sheria inawataka wote wawe nayo, dereva na abiria wake. Hatukupanga nani atangulie wala nani awe wa mwisho. Tulikwenda bega kwa bega, watatu hadi wanne katika upana wa njia moja, na kila aliyeachwa nyuma alikimbiza ili asionekane kuwa hana uchungu na marehemu.

Mimi nilivaa kofia ngumu, na pengine hilo ndilo lililonidanganya kwamba nilikuwa na busara kuliko wenzangu.

Kabla ya kufika Dakawa tulilikuta lori la shehena likipanda kilima kwa taabu. Gari la jeneza likalipita, na pikipiki za mbele nazo zikalipita. Kijana aliyekuwa mbele yangu akachomoka kwenda kulia, nami nikachomoka nyuma yake. Sikutazama mbele ya lori. Nilitazama mgongo wa yule kijana. Nilipofika usawa wa kichwa cha lori ndipo nikaliona basi likija. Nilijipenyeza mbele ya lori katika nafasi ambayo hata leo siwezi kueleza niliipataje. Nyuma yangu alikuwapo kijana mwingine aliyechomoka kwa sababu mimi nilichomoka. Hakuweza kusonga mbele. Hakuweza kurudi nyuma pia, maana nafasi aliyoiacha nyuma ya lori ilikwisha kujazwa na wenzetu. Akakata kulia kabisa, akavuka njia ya basi, akaangukia kwenye mtaro wenye mawe. Alipona, lakini alivunjika mguu mahali pawili.

Nilipokwenda kumwona hospitali nilimkuta amefungwa hogo kuanzia pajani. Akaniamkia, kisha akasema bila lawama yoyote: "Mwalimu, nilikuona umepita, nikajua kuna nafasi."

Nimekosolewa na wanafunzi, na wasomaji wa safu hii, na viongozi wasiopenda ninayoyaandika. Hakuna ukosoaji ulionizidi uzito kama sentensi ile iliyosemwa kwa heshima. Alinipa macho yake ayatumie mtu ambaye naye alikuwa amekwisha kumpa mwingine macho yake. Msafara mzima ulikuwa na macho zaidi ya 80, na kwa muda ule wa kulipita lori hapakuwa na mtu aliyekuwa akitazama.

Hiyo ndiyo hatari ya pikipiki kwenda kundi. Dereva aliye peke yake anaogopa, na woga wake unamlinda. Akiingia katika kundi woga ule unagawanywa kwa idadi ya waliopo, naye anabaki na sehemu ndogo isiyotosha kumfanya aguse breki. Lakini lori halijui kuwa mko wengi. Mwili unaoangukia mawe ni mmoja.

Arobaini ya marehemu ilipokaribia, vijana walitaka kwenda tena kwa msafara. Mwenyekiti wa kijiwe aliitisha kikao jioni ya kuamkia safari, akaniomba nizungumze. Nilianza kwa kuungama niliyoyafanya kwenye kile kilima. Baada ya hapo hapakuwa na hotuba. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema, na kwa pamoja tukapata taratibu ambazo waendeshaji makini wa pikipiki duniani wamezifuata kwa miaka mingi. Nazieleza hapa pamoja na sababu zake, maana kanuni isiyo na sababu haidumu zaidi ya kona ya kwanza.

Tulikuwa pikipiki 24. Tukajigawa makundi manne ya pikipiki sita, na kati ya kundi na kundi tukaacha nafasi kubwa. Msururu wa pikipiki 24 haupitiki. Dereva wa basi aliyechoka kuufuata atajaribu kuupita wote kwa mkupuo, na akikutana na gari atajibanza juu ya yeyote aliye karibu. Sita wanapitika.

Kila kundi likawa na kiongozi na mfungaji. Kiongozi si mwenye pikipiki yenye nguvu kuliko zote. Ni yule anayeweza kujizuia. Mfungaji ndiye mzoefu kuliko wote, naye hubeba simu yenye chaji, spana na vifaa vya huduma ya kwanza, kwa kuwa matatizo yote ya kundi huishia kwake. Dereva mgeni aliwekwa mara baada ya kiongozi. Mazoea yetu humwacha mgeni nyuma, na huko nyuma ndiko anakolazimika kukimbiza ili asipotee.

Ndani ya kundi hatukwenda bega kwa bega. Wa kwanza alikaa upande wa kulia wa njia yetu, wa pili upande wa kushoto nyuma yake, wa tatu kulia tena, na kuendelea hivyo, ili kila mmoja awe na pa kukwepea shimo au mbuzi. Kwenye kona na penye barabara nyembamba tulikwenda mmoja nyuma ya mwingine. Na kati ya mtu na yule aliye mbele yake moja kwa moja tuliacha sekunde mbili. Kijana mmoja aliuliza kwa nini tusiseme mita. Tukapiga hesabu pale pale: katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, pikipiki hula mita 22 kila sekunde. Hakuna jicho linalopima mita 44 likiwa safarini, lakini kila mtu anaweza kuchagua nguzo, akangoja wa mbele aipite, kisha akahesabu taratibu mpaka yeye mwenyewe aifikie.

Kuhusu kulipita gari, tulikubaliana kwamba aliyepita hampi ruhusa aliye nyuma. Kila mmoja atafika nyuma ya gari, atatazama kwa macho yake, ataamua mwenyewe, na ataondoka mmoja mmoja. Akishapita asipunguze mwendo papo hapo; asogee mbele ili anayemfuata apate pa kuingia. Na anayebaki nyuma asiijaze nafasi ya mwenzake mpaka ahakikishe amekwisha kupita salama. Kanuni hiyo ya mwisho iliwekwa na vijana wenyewe, na kila aliyekuwapo alijua imetoka kwenye mguu wa nani.

Kisha ikaja kanuni ya vioo. Vijana wengi huvitoa vioo vya pikipiki zao ili wapenye kwenye foleni mjini. Usiku ule vilirudishwa. Tulikubaliana kwamba kila dereva ana wajibu kwa mtu mmoja tu: aliye nyuma yake. Asipomwona kiooni anapunguza mwendo. Wa mbele yake naye, asipomwona yeye, anapunguza. Na hivyo habari inasafiri hadi kwa kiongozi bila simu wala kelele. Penye njia panda hukunji mpaka aliye nyuma yako amekuona ukikunja.

Tuliondoka saa 12 asubuhi, matangi yakiwa yamejaa na taa zikiwa zimewashwa. Tulitumia muda mrefu kuliko siku ya mazishi, tena tulisimama mara mbili kupumzika na kuhesabiana. Tulipolifikia daraja la Wami pale Dakawa, kundi la nne lilichelewa. Makundi matatu yalisimama kando ya barabara yakingoja. Kumbe pikipiki moja ilikuwa imekata cheni. Hakuna aliyenung'unika. Tulifika kijijini, mfungaji wa kundi la mwisho akavua kofia yake na kutangaza: "24!"

Sasa narudi kwenye mazungumzo yetu ya kawaida. Kila msimu wa kampeni vijana hawa hawa hukusanywa kwa mamia. Hupewa lita moja au mbili za petroli, fulana, na kofia ya kitambaa. Nasema ya kitambaa, si ile ngumu. Huambiwa waupambe msafara. Mgombea huketi ndani ya gari, mkanda ukiwa umefungwa, akiwapungia mkono watu ambao hatawahesabu jioni. Sijapata kusikia mfungaji wa msafara wa kisiasa akitangaza idadi ya waliofika salama. Anayeanguka njiani hubaki na mguu wake, na mwenye pikipiki hubaki akidai hesabu yake ya siku.

Siwaombi vyama viache misafara. Naomba jambo dogo: anayewaita vijana barabarani awahesabu wanapotoka na wanapofika, na mahali pa kofia ya kitambaa aweke kofia ngumu. Asiyeweza hilo asiwaite.

Nanyi vijana wangu wa vijiweni, siku mtakapoitwa, ulizeni kwanza nani kiongozi, nani mfungaji, na tunasimama wapi kungojana. Mkijibiwa kwa honi na vigelegele, rudini kijiweni.

Kijana yule sasa anatembea kwa mkongojo. Anasema mvua za vuli zikipita atarudi kazini. Nimemnunulia kofia ngumu na vioo viwili, akavipokea kwa shukrani nisizostahili. Nikipanda pikipiki yangu kila asubuhi hutazama mbele, kisha hutazama kiooni kuona nani ananifuata.