Cherehani Kuukuu

Mtu afanyaye kazi hana budi kuwa na jambo la kumtuliza moyo kazi yake iishapo. Wako wapandao maua, wako wavuao samaki kwa mshipi, na wako watungao mashairi wasiyomwonyesha mtu. Mimi ni mwalimu. Mchana kutwa nashughulika na chaki, madaftari na maswali ya vijana. Jioni mikono yangu hutamani kazi isiyohitaji maneno. Pumbao langu ni kufufua vyombo vikuukuu vya nyumbani: pasi za makaa, taa za chemni na, zaidi ya vyote, cherehani. Huenda ukacheka, msomaji, kusikia kwamba mtu aliyesomea ualimu chuoni huketi sakafuni siku ya Jumamosi na bisibisi mkononi, vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa mafuta machafu. Cheka, si neno, lakini nisikilize. Nataka kukueleza habari ya cherehani moja, kwa sababu ndani ya habari hiyo mna swali ambalo kila atengenezaye kitu hana budi kulijibu.

Kwanza yafaa ujue jinsi cherehani ifanyavyo kazi, maana wengi wetu twaisikia ikilia barazani mwa mafundi bila ya kujiuliza nini kinatendeka chini ya sindano. Sindano ya mkono ina tundu kichwani. Hupenya nguo, ikatokea yote upande wa pili, kisha mkono ukaipokea na kuirudisha. Mashine haina mkono wa kuipokea. Fumbo hili liliwasumbua wavumbuzi kwa muda mrefu, na ufumbuzi wake ni mwepesi hata mtu hustaajabu: tundu lilihamishwa kutoka kichwani, likawekwa karibu na ncha. Sindano ya namna hiyo hushuka pamoja na uzi, na inapoanza kupanda, uzi hulegea ukafanya kitanzi kidogo chini ya nguo. Papo hapo chombo chenye umbo la mtumbwi mdogo, kilichobeba uzi wa pili, hupita ndani ya kitanzi. Kisha mkono wa chuma ulio juu huuvuta uzi wa kwanza, na nyuzi mbili zikakazana katikati ya nguo. Huo ndio mshono. Meno madogo yaliyo chini huisukuma nguo hatua moja mbele, na mambo huanza upya.

Uvumbuzi huu haukuzaliwa kwa amani. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alikuwa na karakana mjini Paris ambamo cherehani zake zilishona sare za askari. Mwaka 1831 washonaji waliohofia riziki yao wakaivamia na kuzivunja. Elias Howe wa Marekani alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1846, naye Isaac Merritt Singer akapata yake mwaka 1851. Wakashtakiana, Howe akashinda, na mwaka 1856 wenye hati kubwa wakapatana. Mwaka huo huo kampuni ya Singer ilianza kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo, na kwa njia hiyo chombo kilichokuwa ghali kikaingia katika nyumba za watu wa kawaida.

Cherehani ninayotaka kukuhadithia ilitoka katika kiwanda cha Singer kilichoitwa Kilbowie, mjini Clydebank, nchi ya Uskoti. Kiwanda hicho kilifunguliwa mwaka 1885, na katika mwaka 1913 kilitoa cherehani zaidi ya milioni moja. Mwaka 1980 kikafungwa. Kiwanda kimekufa, lakini watoto wake wangali wakifanya kazi katika nchi nyingi, na ya kwetu ni mojawapo. Niliijua asili ya cherehani yangu kwa namba iliyopigwa kwenye chuma chake: ilianza kwa herufi Y, ambayo kiwanda hicho kiliitumia katika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Niliikuta mwezi wa Oktoba mwaka 2018 katika uwanja wa mwuza vyuma chakavu mjini Mombasa. Ililala ubavu baina ya milango ya magari na mabomba ya maji, miguu yake ya chuma imefungwa pamoja kwa waya kama ya kuku wa kuuzwa. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi ni rafiki wa kutu. Kila palipokuwa na chuma kitupu palikuwa pamekuwa pekundu. Mwenye uwanja hakuniuliza naitakia nini. Aliipandisha kwenye mizani, akasoma kilo, akataja bei. Kwake yeye haikuwa cherehani tena. Ilikuwa uzito tu. Nikalipa, nikakodi mkokoteni, nikairudisha nyumbani. Mke wangu aliitazama, akanitazama na mimi, akauliza, "Na huyu mgeni atalala wapi?"

Gurudumu lake halikuzunguka hata unywele. Mtu mwenye haraka angalitia nyundo. Mimi nilimwita jirani yangu, mzee mmoja aliyeshona kwa zaidi ya miaka arobaini barazani mwa duka la nguo. Macho yake hayaoni tena tundu la sindano, lakini vidole vyake havijasahau kitu.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Naona umeokota maiti."

"Imekwama, mzee. Gurudumu haligeuki."

Akaipapasa kutoka kichwani hata miguuni, asiseme neno. Kisha akasema, "Kukwama si kufa. Usiilazimishe. Ukiilazimisha utavunja kitu ambacho kukipata ni taabu. Ibembeleze."

Basi nikaibembeleza. Yako matundu madogo juu ya cherehani, yamewekwa kwa ajili ya mafuta. Katika kila tundu nilitia matone ya mafuta ya taa, nikaiweka juani ipate joto, na jioni nikajaribu gurudumu kwa mkono mmoja, mbele na nyuma, bila ya nguvu. Sababu yake ni hii. Mafuta yasiyofaa, hasa ya kupikia, ambayo watu huyatia kwa kukosa mengine, hukauka kwa miaka yakawa kama gundi. Chuma huwa hakikuungua wala kuvunjika, kimegandishwa tu. Mafuta ya taa hupenya polepole na kuilegeza gundi hiyo. Siku tisa zilipita pasipo dalili. Siku ya kumi gurudumu likasogea upana wa ukucha. Nakwambia kweli, msomaji, furaha niliyoipata haikuwa ndogo kuliko ile ya kumwona mwanafunzi aliyeshindwa na hesabu muhula mzima akiipata mwenyewe.

Baada ya hapo nilifungua kila kilichofunguka. Kila parafujo niliiweka katika kibati chake, na kila kibati nikakiandika, maana kufungua ni kazi ya mchana mmoja, lakini kukumbuka ni kazi ya mwezi. Kutu niliiondoa kwa waya laini wa kusugulia sufuria uliochovywa katika mafuta. Rangi nyeusi sikuigusa kwa waya wala kwa spiriti. Maua ya dhahabu yaliyochorwa juu yake yamefunikwa kwa vanishi, na spiriti huiyeyusha vanishi ya namna hiyo. Ukisugua kwa bidii ili ing'ae, utafuta uzuri unaoutafuta. Upande wa kulia maua yalikuwa yamekwisha kabisa, mahali mkono wa mshonaji ulipokuwa ukipumzika. Nilipaacha vile vile. Hapakuwa pameharibika, pametumika.

Ndipo nilipofungua kibati kilicho chini ya sindano. Baina ya meno palikuwa pameshindiliwa vumbi la nguo, limekuwa gumu kama kipande cha kofia. Nilipolitoa na kulipasua, nikaona matabaka: bluu, kijani kibichi, nyeupe, tena bluu. Yule mzee aliyasugua baina ya vidole, akasema, "Hizi ni sare za shule." Nilinyamaza. Sikumjua mtu aliyeitumia cherehani hiyo, wala sitamjua. Lakini nilikuwa nimeshika mkononi miaka ya kazi yake: Januari moja juu ya nyingine, watoto wa watu waliokwenda shule wamevaa alichokishona.

Nilinunua ukanda mpya wa ngozi, nikauunga kwa pini ya waya, nikaupitisha kutoka gurudumu kubwa la chini hata dogo la juu. Sindano niliipata katika duka la vifaa vya ushonaji, miongoni mwa zile zinazouzwa kwa ajili ya cherehani za leo. Ikaingia na kukaa sawasawa, kwa kuwa kipimo chake hakikubadilishwa. Nikakanyaga. Ikashona.

Sasa nakuja kwenye swali nililokuahidi. Mwezi wa Desemba alikuja mtu aliyekuwa akipamba hoteli. Alikuwa mtu mwungwana, na maneno yake yalikuwa ya adabu. Alitaka miguu ya cherehani, ile ya chuma kilichofumwa kama ua, aitie ubao wa mninga juu, iwe meza ya wageni. Kichwa hakukihitaji, labda angekiweka rafuni kama pambo. Bei aliyotaja ilikuwa mara nne ya yote niliyoyatumia. Nawe ujue kwamba Januari ilikuwa mlangoni, na mpwa wangu, ambaye malezi yake yako juu yangu, alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Karo haingoji mtu amalize kufikiri.

Mke wangu hakunisukuma. Alisema tu, "Baba, chuma hakili, mtoto anakula." Maneno hayo ni ya haki, wala sikupata la kuyajibu. Usiku huo nilikwenda barazani kwa mzee, nikamweleza yote. Alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, uliifufua ili ishone au ili itazamwe?"

Hilo ndilo swali. Lipime nami, msomaji, pasipo haraka. Simlaumu afanyaye meza kwa miguu ya cherehani iliyokwisha kufa. Afadhali meza kuliko kuyeyushwa. Simlaumu pia akusanyaye vitu vya kale avitazame, maana macho nayo yana haja yake. Lakini kitu kiwezacho kufanya kazi yake kina dai ambalo kitu kilichokufa hakina. Kukitengeneza si kukirembesha. Kukitengeneza ni kukirudisha kwenye kazi kiliyoundiwa. Kama ningekitenga kichwa na miguu yake, zile siku kumi za mafuta ya taa zingalikuwa kazi ya kumponya mgonjwa ili azikwe akiwa na sura nzuri.

Nikamwambia yule mtu kwamba siuzi. Sikusema hivyo bila ya gharama. Nilikopa katika chama chetu cha ushirika, na mkopo huo ukakatwa katika mshahara wangu muda wa miezi minane. Nyama ikawa haba mezani, na safari ya kwenda kuwaona wazee wangu ikaahirishwa. Nakutajia haya ili usidhani kwamba kukataa fedha ni jambo jepesi, au kwamba mwenye kuchagua vema hulipwa papo hapo. Pengine halipwi kabisa. Huchagua kwa kuwa amekwisha kujua kitu ni cha nini.

Hata hivyo cherehani haikukaa bure. Mpwa wangu alianza kuikalia siku za likizo, na mzee akaketi kando yake juu ya mkeka. Haoni mshono, lakini humwomba nguo, akaigeuza na kupitisha kidole upande wa chini. Akigusa vitanzi, husema, "Uzi wa juu umelegea, mwanangu. Kaza kidogo." Akikuta mshono umekuwa laini kama ukingo wa jani, hurudisha nguo bila ya neno, na kunyamaza kwake ndiko kusifu. Yule mtoto amekwisha kumaliza kidato cha nne. Hushonea jirani foronya na mapazia, hupunguza na kupanua nguo za mitumba zisizowaenea wenyewe, na kila Januari hutengeneza sare za wadogo zao zilizopasuka. Ujuzi wa miaka arobaini, uliokuwa ukielekea kaburini pamoja na macho ya mwenyewe, umepata mikono mingine.

Nawe, msomaji, huenda huna haja na cherehani. Lakini nyumbani kwenu hapakosi kitu kilichokwama: redio iliyo juu ya kabati, baiskeli iliyoegemezwa ukutani, saa iliyosimama tangu siku za babu. Siku moja utakapokuwa na nafasi, kishushe ukipanguse vumbi. Usianze na nyundo, wala usianze na rangi. Anza kwa kuuliza kiliundwa kifanye nini, na nini kinakizuia. Tafuta mzee aliyekitumia, mwamkie kwa adabu, kaa chini yake usikilize. Andika kila unachokifungua. Usipoweza kukifufua, utakuwa umejifunza kilivyoundwa, na hiyo si elimu ndogo. Ukiweza, basi usikirudishe juu ya kabati, kitie kazini.