Shule ya Kibangubangu: Barua kutoka Kasongo

Dada yangu,

Nilifika Kasongo juzi jioni, vumbi hadi kwenye kope. Kutoka Kabambare nilipanda pikipiki, maana gari lililokuwa liondoke alfajiri mpaka saa sita lilikuwa bado linasubiri abiria.

Uliniagiza nimtafutie mpwa wangu shule inayofundisha Kibangubangu, lugha ya babu zetu. Ukaniambia Wachina wa San Francisco hupeleka watoto wao shule za Jumamosi wakajifunze Kikantoni cha bibi zao, sasa sisi Wamanyema wa Ujiji tumelogwa? Shule hiyo sikuiona, dada. Lakini nisikilize kwanza.

Kule Kabambare nilimwendea mkurugenzi wa shule moja ya msingi (ndivyo wanavyomwita mwalimu mkuu huku). Mzee mpole, shati limepigwa pasi likasimama. Akafungua daftari la uandikishaji, mistari imechorwa kwa rula na kalamu nyekundu: jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la baba, la mama, kijiji. Akaniambia mtoto alete cheti cha kuzaliwa, shati jeupe na kaptula ya buluu. Ada hakuna, shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa bure mwaka 2019. Nikamuuliza lugha. Akasema Kiswahili na Kifaransa. Nikamkumbusha kwamba sheria yao ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa au lugha za mahali. Akacheka taratibu. "Mahali ni hapa, na hapa tunaongea nini mimi na wewe?"

Nilikosa la kumjibu. Kiswahili kilifika huku kwa njia ileile iliyotutoa sisi. Misafara ya pembe ilitoka Kasongo ikapita Kabambare hadi Ujiji, na babu wa babu zetu wakiwa chini ya mizigo, wengine kwa hiari, wengi kwa minyororo. Hapa Kasongo ndipo Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alipoweka makao yake. Mji wake wenyewe ulikuwa Tongoni, si huu wa leo, na Wabelgiji wa kamanda Dhanis waliuteka tarehe 22 Aprili 1893. Waliovuka Ziwa Tanganyika wakaitwa Wamanyema, wakawa watu wa Ujiji na Tabora, wengine wakafika hadi Kariakoo wakajenga msikiti wenye jina lao. Siku zote nilidhani lugha tuliipoteza sisi tuliohama, waliobaki wanayo. Kumbe na waliobaki walipewa Kiswahili kilekile, wakakipenda, na wanakisema kwa madaha kuliko sisi.

Hao Wakantoni wako usiwaonee wivu sana. Wako zaidi ya milioni 80, wana filamu za Hong Kong, wana nyimbo, na bado mwaka 2010 watu wa Guangzhou waliingia barabarani waliposikia vipindi vya televisheni vinataka kugeuzwa Kimandarini. Darasani Guangzhou pia ni Kimandarini. Mzazi wa San Francisco analipia Jumamosi kwa sababu ana hofu, ila mwalimu yupo na kitabu kipo. Mimi huku sijashika kitabu cha darasani cha Kibangubangu hata kimoja.

Msemaji nimemwona. Bibi yetu wa ukoo, dada mdogo wa marehemu babu, anakaa nje kidogo ya Kabambare. Nilimkuta akitwanga sombe, yaani kisamvu, wajukuu wanne wamemzunguka. Anawatuma kwa Kibangubangu: leta maji, fukuza kuku, wewe acha uvivu. Wanaelewa kila neno, maji yanakuja, kuku anakimbia. Majibu yote ni Kiswahili. Yule mkubwa, msichana wa miaka kumi hivi, nilimwomba anijibu kama bibi anavyosema. Akaficha uso kwa kanga. Bibi naye hakuudhika, akaendelea kutwanga. Mimi ndiye niliyeudhika, dada, na sina hata haki hiyo, kwa kuwa salamu zake tu ndizo ninazozijua.

Basi nashauri hivi. Kwenye daftari la mkurugenzi tusimwandikishe. Shule zenu zikifungwa Juni, aje kwa bibi. Ni kiangazi huku, njia zinapitika, na watoto wa Kabambare bado wako darasani mpaka mwanzoni mwa Julai, kwa hiyo asubuhi atabaki na bibi peke yake shambani, hana wa kumkimbilia kwa Kiswahili. Ila njia ya Fizi sitampitisha mpaka nisikie habari za usalama kutoka kwa madereva wenyewe, si kwa redio.

Bibi amekubali, kwa masharti mawili. La kwanza, mtoto aje na wewe, maana kwake wewe ni jina tu. La pili ni dagaa wa Kigoma, waliokaushwa vizuri, wasio na mchanga.

Ndugu yako