Tumefika, siyo tumezika

Uvira – Familia ikiwa imegawanyika, huyu Kavimvira, yule ng'ambo ya mpaka kule Gatumba, Burundi, habari zinapita kwa ujumbe wa sauti. Mvua ikipiga mabati, herufi nyepesi kama "f", "s" na "z" ndizo zinamezwa kwanza. Hapo "tumefika" inaweza kusikika "tumezika", na mama anayesikiliza akalia msiba ambao haupo.

Wengi wanadhani dawa ni maikrofoni ya bei kali. Hapana, ni umbali. Simu ikisogezwa kutoka sentimeta 40 hadi 20 mbele ya mdomo, sauti ya msemaji inapanda kama desibeli 6, lakini makelele ya jenereta la jirani yanabaki palepale. Ishikwe pembeni kidogo, pumzi isiigonge. Chumba chenye godoro na nguo zilizotundikwa kinafaa kuliko sebule tupu ya saruji yenye mwangwi; wengine wanajifunika blanketi kichwani, watoto wanacheka, lakini inasaidia.

Upepo ukitoka ziwani, dirisha la upande huo lifungwe. Programu za kusafisha sauti zipo, ila zikizidishwa zinakula herufi zilezile. Na jina la mahali, Kalundu au Mulongwe, lisemwe mara mbili, polepole.