Vita vya Mombasa Juu ya Duka la Ami

Sote twajua dama, keram, karata na bao. Mchezo ninaotaka kuwaeleza hauna ubao wala karata. Ni vita vya vijisanamu: kila mtu ana jeshi lake sakafuni, mwendo wa askari wapimwa kwa rula, na nani afe nani apone yaamuliwa na dadu. Mwandishi Mwingereza H.G. Wells aliuandikia kitabu, Little Wars, mwaka wa 1913; yeye alitumia vijimzinga vya kuchezea vilivyorusha risasi za mti. Siku hizi kuna kanuni nyepesi za vita vya mapanga na mishale, na hizo ndizo tulizozijaribu likizo ya Agosti, sisi wanne, ghorofani juu ya duka la ami yangu, Biashara Street.

Vijisanamu hatukuwa navyo. Lakini Biashara Street utakosa nini? Vifungo 40 vyeusi vya suruali vikawa watu wa Mombasa, na vifungo 20 vya kung'ara vya makoti vikawa Wareno. Badala ya rula tulichukua tepu ya fundi cherahani. Nyumba tulizijenga kwa leso. Leso za jumla huuzwa kwa korija, yaani vipande 20, na korija moja iliyokunjwa vizuri ni nyumba ya ghorofa kamili. Ami alitutazama, akasema, "Haya, chezani. Lakini msiniwashie kibiriti humu, na leso zangu zirudi kama zilivyokuwa."

Vita tulivyochagua ni vya Agosti 1505, Francisco de Almeida alipoushambulia mji huu baada ya kuuteka Kilwa. Alikuwa na meli 11. Mjerumani mmoja, Hans Mayr, aliyekuwa katika meli ya São Rafael, aliacha maelezo. Aeleza nyumba za ghorofa, na vichochoro vyembamba hata watu wawili hawawezi kupita bega kwa bega, na baraza za mawe mbele ya milango zikizidi kuvibana. Nendeni Mji wa Kale mkajionee wenyewe. Wenyeji waliwapiga Wareno kwa mishale na kwa mawe kutoka juu ya madari. Hata hivyo mji uliteketezwa na kuporwa. Mayr aandika kuwa waliokufa ni watu 1,513 wa Mombasa na Wareno 5. Hesabu hiyo ni ya mshindi, tusisahau.

Kanuni zetu zilikuwa hivi. Askari aenda inchi 6, kichochoroni inchi 3. Mshale wafika inchi 12, nao wapata ukitupa 5 au 6. Mreno ana deraya, kwa hivyo akipatwa atupa dadu tena, na 4 kwenda juu amepona. Jiwe la darini lapata kwa 4, na deraya haimsaidii mtu. Moto ulikuwa vipande vya kitambaa chekundu. Jeshi likipoteza nusu, lakimbia.

Taabu ilianza kabla ya dadu kutupwa: nani awe Mreno? Sote watatu wa Mombasa tulikataa. Mmoja wetu akamgeukia mwenzetu wa nne, ambaye kwao ni Malindi, akamwambia, "Si weye? Nyinyi ndio mliompokea Vasco da Gama mwaka wa 1498, mkampa na rubani. Nguzo yake mpaka leo mwaitunza."

Yule mwana wa Malindi hakujibu. Alivuta vifungo vya makoti, akacheza. Na alicheza, wallahi! Alitandaza vitambaa vyekundu upande mmoja, akaingia kwa pande mbili, na kwa zamu sita sisi tulikuwa mbioni kuelekea minazini, yaani nyuma ya mlango. Badala ya kumpa mkono, yule mwenzetu akasema tena, "Nimesema mie, usaliti u damuni." Hapo mchezo uliisha. Mwana wa Malindi alivaa viatu vyake.

Nilimshika mkono. Nilikuwa nimesoma jambo moja ambalo hatukuwa tumelizungumza. Baada ya Wareno kuondoka, mfalme wa Mombasa alirudi akaukuta mji hauna mtu hai, mkubwa wala mdogo. Akaandika barua kueleza aliyoyaona. Barua hiyo alimpelekea mfalme wa Malindi. Hasimu wake, rafiki wa Wareno! Sijui kitu cha ajabu kuliko hicho katika kisa chote. Mtu aliyepoteza kila kitu amwandikia nani? Amwandikia jirani.

Mwana wa Malindi alisimama pale ngazini kitambo. Kisha akasema, "Sasa nataka Mombasa." Na yule aliyemtukana akatakiwa awe Almeida. Alinung'unika, akachukua vifungo vya makoti.

Mchezo wa pili haukufanana na wa kwanza hata kidogo. Mwana wa Malindi hakupoteza watu mlangoni. Aliwapandisha wote madarini, akauacha mji wazi kama hauna mtu. Almeida akaingia kichochoroni inchi 3 kwa inchi 3, amebanwa, na mawe yakaanza. 4! 5! 4! Vifungo vya kung'ara vilikuwa vimebaki 12 kati ya 20, viwili tu zaidi ya nusu, na Almeida jasho lamtoka, ndipo tukasikia sauti ya ami kutoka chini:

"Enyi! Kuna bibi hapa ataka korija ya ile ya maua ya manjano!"

Korija ya maua ya manjano ilikuwa jumba la mfalme.

Tulitazamana. Mwana wa Malindi akaondoa wapiga mawe wake mmoja mmoja, akawahesabu, akaandika kwenye karatasi kila mmoja alikuwa wapi. Almeida ndiye aliyelibeba jumba la mfalme kulishusha ngazi, akisema, "Jumamosi ijayo, bwana, na mimi sitaingia kichochoro kile."

"Utapita wapi?" akamuuliza mwenzake. "Vyote ni hivyo hivyo."