Bangi na Hiari ya Mtu

Yapo maswali ambayo mtu huyauliza ili apate jibu, na yapo mengine ambayo huyauliza ili aachwe aendelee na jambo alilokwisha kuliazimia. Swali la kama bangi huweza kumfanya mtu mraibu nimelisikia kwa namna zote mbili. Nimelisikia kwa wazazi wenye hofu, ambao tayari wamejijibu kuwa msokoto mmoja humgeuza kijana mtumwa siku iyo hiyo. Nimelisikia pia kwa vijana wenye tabasamu, ambao wamejijibu kuwa bangi ni jani kama majani mengine, na kwamba jani halina minyororo. Kila upande umeshika kipande cha kweli, ukadhani umeshika kweli nzima. Nia yangu ni kuviweka vipande hivyo pamoja mbele ya msomaji, ambaye huenda yu katika umri ule ambao swali hili humkuta mtu njiani bila ya yeye kulialika.

Kwanza tuulize uraibu ni nini. Watu wa pwani waliita uraibu vile vitu ambavyo mtu hutafuna au huvuta kwa mazoea, kama tambuu na tumbaku, ambavyo akivikosa huona siku yake imepungua kitu. Katika maana hiyo ya zamani hapakuwa na aibu kubwa. Mzee aliyekosa tambuu yake alinuna kidogo, kisha akaendelea na kazi. Siku hizi neno limebeba mzigo mzito zaidi. Mraibu ni mtu anayetaka kupunguza asiweze. Anayeiona hasara ya tendo lake kwa macho yake mwenyewe, na bado akalitenda. Ambaye kiasi cha jana hakimtoshi leo. Na ambaye akiacha, mwili na moyo humsumbua. Kwa hiyo kipimo cha uraibu si wingi wa moshi. Kipimo ni hiari: je, mtu huyu aweza kusema hapana, na hapana yake ikasimama?

Ni haki kuanza na hoja ya wale wanaosema bangi haimfungi mtu, maana hoja yao si ya kipuuzi. Mwaka 1893 serikali ya Waingereza nchini India, nchi ambako neno letu bangi lina asili yake, iliunda tume ya kuuchunguza mmea huu. Tume ilisikiliza mashahidi zaidi ya 1,000, ikaandika taarifa ya mabuku saba, na ikaona kuwa matumizi ya kadiri kwa kawaida hayakuleta madhara makubwa, bali madhara yalikuwa katika kupindukia. Kadhalika, ni kweli kuwa wengi walioonja bangi hawakuwa waraibu. Nilimjua mvuvi mmoja mzee ambaye alivuta katika ujana wake akaacha alipooa. Alipoulizwa aliachaje, alilishangaa swali lenyewe, kama mtu aulizwaye aliachaje kuvaa kanzu iliyombana.

Lakini mvuvi huyo ni ushahidi wa mvuvi huyo tu. Aliyevuka mto wenye mamba akafika ng'ambo salama hakuthibitisha kuwa mto hauna mamba. Amethibitisha kuwa siku ile mamba hawakumkamata. Ili tujue hatari ya mto hatuna budi kuwahesabu wote waliovuka. Watafiti wa Marekani walifanya hesabu ya namna hiyo kwa kutumia uchunguzi mkubwa wa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walikadiria kuwa katika kila watu 100 waliowahi kutumia bangi, 9 hivi walifikia uraibu. Kwa pombe walikuwa 15, na kwa tumbaku 32. Hesabu hizo hazimpi ushindi kamili mzazi mwenye hofu wala kijana mwenye tabasamu. Bangi huwafunga wachache kuliko tumbaku, hilo tulikubali. Lakini 9 si sifuri. Tena kwa wale wanaoanza wakiwa bado vijana makadirio hupanda hadi kama mmoja katika kila sita. Chukua darasa la wanafunzi 40. Kama wote wangeanza, sita au saba wangenaswa, na hakuna mwalimu wala daktari awezaye kupita kati ya madawati akawaonyesha mapema kwa kidole.

Mmoja wa walionaswa alikuwa jirani yangu, kijana fundi seremala, ambaye milango yake ilitafutwa hata na watu wa mitaa ya mbali. Alivuta jioni, baada ya kazi, na alikuwa akisema, "Mwalimu, mimi naweza kuacha siku yoyote nipendayo." Neno hilo lilikuwa la kweli kwake, kwa kuwa hakuwa amepata siku ya kulijaribu. Miaka miwili baadaye alivuta mchana pia, na baadaye asubuhi kabla ya kushika randa. Kazi zake zilichelewa. Wateja walikuja mara ya tatu na ya nne kuuliza milango waliyokwisha kuilipia nusu. Aliuza msumeno, kisha akauza patasi alizorithi kwa baba yake. Dada yake mdogo, ambaye karo yake ya shule ilitoka katika karakana ile, alikaa nyumbani muhula mzima.

Mama yake hakumpigia kelele. Alimwomba jambo moja tu: aache kwa siku arubaini, mpaka kitanda cha harusi cha binamu yao kiishe. Akakubali kwa moyo mweupe. Siku ya kwanza ilipita vyema. Siku ya pili alikuwa mkali kwa kila mtu, akamkemea hata mtoto aliyeokota vumbi la mbao. Siku ya tatu chakula hakikupita kooni, na usiku alilala kidogo, akaamka ametota jasho kwa ndoto zilizomtisha. Siku ya tano akavuta. Nilipokutana naye hakujitetea. Alisema, "Mwalimu, zamani nilivuta nipate raha. Juzi nilivuta nipate usingizi tu." Tangu siku hiyo sijasikia maelezo ya uraibu yaliyo mafupi na kamili kuliko hayo. Kitu kilichokuwa kikimwongezea kitu sasa kilikuwa kikimrudishia tu kile ambacho chenyewe kilimnyang'anya.

Jambo hilo lina sababu zake katika ubongo, nazo zimefahamika zamani hizi zetu. Mwaka 1964 wanakemia Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, nchini Israeli, waliitenga katika bangi ile kemikali hasa ileweshayo, ambayo kwa kifupi huitwa THC. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani waligundua kuwa katika ubongo mna vipokezi ambavyo kemikali hiyo hujishikiza. Basi likazuka swali jipya: kwa nini ubongo uwe na mlango wa mgeni kutoka shambani? Jibu lilipatikana mwaka 1992, ilipoonekana kuwa ubongo hujitengenezea wenyewe kemikali inayotumia mlango huo. Wagunduzi waliiita anandamidi, kwa neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu. Hiyo hutolewa kidogo kidogo, mahali panapohitajika, ikafanya kazi yake katika usingizi, hamu ya chakula, kumbukumbu na utulivu, kisha ikayeyuka upesi.

THC haina adabu hiyo. Huingia kwa wingi, kila mahali kwa pamoja, ikakaa. Mwenye nyumba ambaye mlango wake wabishwa mchana kutwa na usiku kucha, mwisho huziba masikio. Ndivyo ubongo ufanyavyo: hupunguza vipokezi vyake. Kwa sababu hiyo kiasi cha jana hakitoshi leo. Tena, kelele zinapokoma ghafula, masikio yangali yamezibwa, na ule ubishaji wa upole wa mgeni halali hausikiki. Ndipo usingizi unapokimbia, chakula kinapokosa ladha, na moyo unapokuwa mwepesi wa hasira. Fundi wetu hakuwa amelogwa, wala hakuwa mwongo. Ubongo wake ulikuwa umejipanga upya kumngojea mgeni, na mgeni hakuja.

Mbona basi watu wengi hawaitambui hali hiyo? Kwa sababu bangi huondoka mwilini polepole. THC hujificha katika mafuta ya mwili na kutoka kwa siku nyingi, hata majuma. Mlevi wa pombe anayeacha huweza kutetemeka siku iyo hiyo, na kila mtu akaona. Mvuta bangi anayeacha hukosa usingizi siku ya pili, hugomba siku ya tatu, na watu husema ana tabia mbaya au ana mawazo. Hata madaktari walichelewa kukubaliana. Ni mwaka 2013 tu ambapo kitabu kikuu cha madaktari wa akili wa Marekani kiliandika taabu za kuacha bangi miongoni mwa maradhi yanayotambuliwa.

Lipo jambo jingine ambalo tume ya India haikuweza kulijua. Bangi iliyokamatwa Marekani mwaka 1995 ilikuwa na THC kiasi cha 4 katika 100. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2020 ilikuwa imefika 15 hivi, kwa kuwa wakulima walichagua mbegu kali mwaka hata mwaka. Kwa hiyo anayesema, "Babu yangu alivuta na hakudhurika," aulize kwanza kama yeye na babu wanavuta kitu kimoja.

Hapa Kenya uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mtu mmoja katika kila 53 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia bangi, jumla yao wakiwa zaidi ya nusu milioni, na kwamba karibu nusu ya hao walikuwa waraibu. Hesabu hii haipingani na ile ya Marekani. Ile ilimhesabu kila aliyewahi kuonja, hata mara moja. Hii iliwahesabu wanaoendelea. Yaani wengi wa walioonja waliondoka, lakini miongoni mwa waliobaki, karibu mmoja kwa kila wawili hakuwa tena na hiari kamili ya kuondoka.

Kijana ana sababu ya ziada ya kuogopa. Ubongo wa mwanadamu huendelea kujengwa mpaka karibu miaka 25, na sehemu inayokamilika mwisho ni ile ya kupima mambo na kujizuia. Mwenye miaka 15 anayeanza kuvuta anakiweka rehani chombo kile kile atakachokihitaji ili aache. Tena, aghalabu haanzi kwa upotovu. Wengine huanza kwa sababu ya hofu ya mitihani, ugomvi wa nyumbani, msiba usioliliwa, au upweke wa bweni. Bangi huwanyamazishia maumivu kwa saa chache, ikawaachia sababu ya maumivu ikiwa palepale, tena imekua. Kwa hiyo mzazi anayetaka kujua kwa nini mwanawe anavuta, asitazame moshi peke yake. Atazame pia kile ambacho moshi umekifunika.

Sikusudii kuwatia watu hofu tupu, maana hofu isiyo na elimu hukimbia mara kijana anapomwona rafiki yake amevuta na hakufa. Wala sikusudii kuwatia aibu walionaswa. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 inakataza bangi, na mahakama ina kazi yake. Lakini aibu haijamponya mraibu yeyote ninayemjua. Aibu humfundisha kujificha tu. Hakuna hadi leo dawa ya kumeza iliyothibitishwa kuuponya uraibu huu. Tiba yake kubwa ni mazungumzo: mshauri aliyefunzwa, ambaye humsaidia mtu kuzitambua saa zake za hatari na kujifunza njia nyingine ya kuzipita. Habari njema ni kuwa ubongo husamehe. Vipimo vimeonyesha kuwa vipokezi vilivyopungua hurejea kwa sehemu kubwa baada ya majuma manne hivi ya kuacha.

Fundi niliyemtaja alikwenda hospitali, akakaa mbele ya mshauri juma baada ya juma. Alianguka mara mbili, na mara zote mbili mama yake alimsindikiza tena. Mara ya tatu ilisimama. Kitanda cha harusi kilitengenezwa na mtu mwingine, na muhula alioupoteza dada yake hakuna aliyeweza kuurudisha. Lakini dada alirudi shuleni, na randa ya karakana ile husikika tena asubuhi.

Basi jibu langu ni hili. Ndiyo, bangi huweza kumfanya mtu mraibu. Si kila mtu, wala si kwa siku moja, bali wengi zaidi kati ya wanaoanza mapema na kuvuta mara kwa mara. Anayevuta na kujiambia kuwa aweza kuacha apendapo, asibishane na mtu. Aache mwezi mmoja, ahesabu siku. Zikimshinda, asijifiche, amwendee mwalimu amwaminiye, mzazi au daktari, wakati kazi ya kumrudisha ingali ndogo. Na ambaye hajaanza ana mali ambayo fundi yule aliinunua tena kwa miaka ya taabu. Ailinde akiwa nayo.